Jumapili za Sisimizi

14 Februari

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba macho yako yamepatana tena na tundu la sindano. Mimi sijambo, ila koo. Limekuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Ikifika kipindi cha mwisho watoto huona midomo yangu tu ikienda.

Mwaka huu wamenipa darasa la nne. Watoto hamsini na wanane, madawati ishirini na mawili. Nimewabana kama njiti za kiberiti na bado wawili wanakaa kwenye kizingiti, nao wameshaanza kujiita mabawabu. Juzi mmoja alinikuta natoa viatu vyangu kabatini akaniuliza, "Mwalimu, kwani unalala humo?" Sikuwahi kumjibu, mwenzake akamjibu kwa niaba yangu, "Halali. Walimu hawalali." Nilicheka mpaka chaki ikanianguka.

Na jana kuna mmoja, ambaye miaka mitatu yote amekuwa akisoma kwa kukariri, alilisoma neno "mbwa" mwenyewe, herufi kwa herufi. Akainua kichwa akanitazama kana kwamba mbwa ametoka kwenye karatasi akakaa juu ya dawati. Kwa ajili ya uso ule naweza kuvumilia koo.

Sasa nina swali, na nakuuliza wewe kwa kuwa uliwahi kuwa mwalimu. Kuna binti mmoja mdogo wa umbo, wenzake wanamwita Sisimizi kwa sababu hajawahi kuonekana mikono mitupu: akitembea amebeba kitu, hata kama ni jani. Ijumaa niliwapa insha, "Jumapili Yangu". Wengine waliandika mpira na kufua soksi. Yeye aliandika hivi:

"Jumapili mama anaanika mablanketi. Mimi nashika ncha hii, yeye anashika ile. Upepo ukija blanketi linajaa kama tumbo. Mama anasema tusiliachie, litaondoka na sisi."

Nikafurahi, nikachukua kalamu nimpe alama. Halafu nikakumbuka nililoliona kwenye rejesta. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita.

Sikuandika kitu. Daftari lipo mezani kwangu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Mpwa wako

—

23 Februari

Mwanangu,

Marahaba sana. Mimi mzima, macho ndiyo yanadengua. Sasa namwita mtoto wa jirani anitungie uzi, naye kila akimaliza anasema "pole bibi". Bibi! Nina miaka arobaini na minne. Nimemwambia akirudia tena nitamshonea kaptula ya miguu mitatu.

Koo: maji ya uvuguvugu na chumvi, usukutue asubuhi na jioni. Na acha kuongea juu ya kelele zao. Ongea chini ya kelele. Watanyamaza ili wasikie unasema nini. Hilo halimo kwenye vitabu vyenu vya chuo.

Kuhusu huyo binti: sahihisha herufi, usisahihishe mama yake. Kama ameandika "blanketi" vizuri, mpe alama ya "blanketi". Mengine yaache kama yalivyo.

Na usiniulize nimejuaje.

Mama Mdogo

—

20 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa ubibi. Koo limepona, asante. Ule ujanja wa kuongea chini umefanya kazi mpaka mwalimu mkuu alichungulia dirishani kuona kama watoto wamekimbia.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpa alama zake, nikarudisha daftari. Ijumaa iliyofuata akaandika tena, na iliyofuata tena. Insha niliyowapa inaweza kuwa "Mti" au "Safari", yeye atapinda kona mpaka afike Jumapili. Na mama yake yumo, akifanya kazi ndogondogo. Hakuna miujiza. Nakunakilia chache:

"Jumapili mama alitafuta kifungo changu chini ya kitanda. Alikipata. Tukakaa hukohuko chini tukasahau kutoka."

"Jumapili mvua ilinyesha. Mama alisema ndoo zinasengenyana."

"Jumapili mama alisinzia kwenye kiti. Jua lilitembea likafika miguuni pake. Sikumwamsha."

Naona haya kusema, lakini naingoja Ijumaa kama mtu anayengoja mgeni. Kengele ya saa nne ikilia watoto wote hutoka, nami hubaki. Jua huingia kwa madirisha ya upande wa ubao, vumbi la chaki likielea ndani yake polepole, kana kwamba halina haja ya kutua. Nafungua daftari lake hapo. Najisikia kama nimeingia chumba ambacho mwenyewe ametoka sasa hivi, na kiti bado kina joto.

Jumamosi nilipitiwa na usingizi wa mchana nikaota mwanamke anaandika ubaoni, amenipa mgongo. Anaandika haraka, nami najua nisipowahi kusoma atafuta. Alipogeuka, hakuwa na uso. Si wa kutisha. Ulikuwa haujajazwa tu, kama ramani ya watoto kabla hawajaipaka rangi.

Nilipoamka nikajua ni mama yangu. Mama Mdogo, nina picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na ndani yake hafanyi kitu. Ametazama mbele tu kama kila mtu. Sina hata habari moja ambayo ndani yake mama anafanya kitu. Alikuwa mtu wa namna gani? Hujawahi kuniambia, nami sijui kwa nini sijawahi kukuuliza.

Mpwa wako

—

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, kama lina miadi. Nimepata kazi ya kushona sare thelathini, za wasichana tu, na mashati yao yana kola za duara ambazo nazichukia kuliko ugonjwa.

Furahi kwamba watoto wanakusikiliza, lakini usije ukadhani wanakupenda wewe. Wanapenda kusikilizwa.

Uliniuliza jambo jingine. Nimelisoma.

Mama Mdogo

—

9 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Afya yangu nzuri. Mengine si mazuri.

Nimemharibu yule mtoto.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita aliandika insha iliyozidi zote. Mama yake alikuwa anamfundisha kukunja shuka: wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana, mpaka shuka linakuwa dogo na wao wako karibu kabisa. Ilikuwa nusu ukurasa. Nikaona ni dhambi kuisoma peke yangu. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Sikilizeni jinsi mwenzenu anavyoandika."

Nilisoma vizuri, Mama Mdogo. Hilo ndilo baya. Nilisoma kwa sauti nzuri, na huku nasoma nilikuwa najisikiliza. Sikumtazama hata mara moja. Nilipomaliza kulikuwa kimya kizuri, nikatabasamu. Ndipo msichana mmoja wa mbele, bila ubaya wowote, akasema, "Lakini mwalimu, mama yake si alikufa?"

Mmoja akacheka. Unajua kicheko cha watoto, kikishapata njia. Mwingine akasema, "Anakunja shuka na mzimu!" Nikapiga meza, nikapaza sauti, yote yale uliyonikataza. Sisimizi aliweka kichwa juu ya dawati, akakifunika kwa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mikono ile haikuwa imeshika kitu.

Shuleni anakuja. Anajibu akiulizwa. Lakini Ijumaa mbili sasa ananipa ukurasa wenye tarehe, kichwa cha insha, na mistari mitupu. Sijui kama umewahi kuona ukurasa mtupu unakutazama.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ipo droo ya mezani kwangu. Kuna hospitali wanatafuta mtu wa mapokezi, wa kuandika majina ya wagonjwa na kuwaonesha benchi. Nadhani naweza kuonesha benchi bila kumuumiza mtu.

Nikiwa naiandika barua hiyo nilikukumbuka. Wewe uliacha ukiwa na umri huu wangu. Watu husema ni kifua, vumbi la chaki. Nami nimekuwa nikisema hivyohivyo. Je, ni kweli?

Mpwa wako

—

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Salamu leo ni fupi. Kaa chini kwanza.

Si kifua. Kifua changu kizima kama ngoma mpya. Kwa miaka kumi na tisa nimelisingizia vumbi la chaki, nalo maskini halina wakili.

Ulikuwa na miaka saba. Mama yako alikuwa amemaliza mwaka tangu atutoke. Nilikuwa mwalimu wako wa darasa la pili: nyumbani Mama Mdogo, shuleni Mwalimu, nawe hukukosea hata siku moja, ukivuka geti tu unabadilisha. Asubuhi moja nilikusuka. Kichwa chako kilikuwa chepesi kuuma. Ulilia, nikakubembeleza, nikafumua, nikaanza upya kwa mkono mlaini zaidi, na wote wawili tukachelewa nikasemwa na mkuu. Kipindi cha tatu nikawaambia muandike sentensi juu ya asubuhi ya leo. Wewe uliandika:

"Asubuhi mama alinisuka. Alinisuka vizuri. Hakuniumiza."

Nilisoma nikiwa nimesimama nyuma yako. Nakuambia yaliyonipata, na usinipunguzie. Sikuona huruma. Niliona wivu. Nilimwonea wivu dada yangu aliyelala ardhini. Mikono ni yangu, kuchelewa ni kwangu, kusemwa ni kwangu, na sifa amepewa yeye. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, "Si kweli." Nikapiga mstari chini yake.

Hukulia. Ulichukua kifutio ukafuta taratibu, ukapuliza karatasi, ukaandika, "Mama Mdogo alinisuka." Ukaniletea. Nami nikakupa tiki. Nilikupa tiki, mwanangu.

Tangu siku hiyo hukuandika habari ya nyumbani tena. Uliandika ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama. Ng'ombe ana miguu minne. Mwaka mzima ng'ombe. Nyumbani nako ukaacha kumtaja, nami nikajiambia umepoa. Nikanyamaza pia, nikasema kimya ni dawa. Wewe unajiuliza kwa nini hujawahi kuniuliza habari zake. Hukuuliza kwa sababu nilikufundisha usiulize. Lilikuwa somo langu zuri kuliko yote. Mwisho wa muhula nilishika ile kalamu nisahihishe mitihani, mkono ukakataa. Nikaandika barua yangu, nikaenda kununua cherehani.

Sasa sikiliza. Mimi nilikimbia, na kukimbia hakukufuta neno hata moja. Barua iliyo kwenye droo iache hapo. Kwanza mwombe mtoto radhi, na umwombe mbele ya walewale waliocheka. Aibu ya barazani haifutwi chumbani. Halafu mwite baba yake umweleze wewe mwenyewe, kabla hajaelezwa na wengine.

Nami nakuomba radhi. Nimeandika sentensi hii mara nne na kila mara inatoka fupi hivihivi.

Mama Mdogo

—

28 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Wiki sita sasa sina barua yako. Sikulaumu. Nakujulisha tu kwamba anayeleta barua hupita hapa saa tano, nami siku hizi naona kazi zangu zote zinafaa kufanyiwa kibarazani.

Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie. Kama umekasirika, kasirika, ila kula.

Mama Mdogo

—

3 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Ninakula.

Nilikasirika. Kwa siku nyingi nilitembea na barua yako ndani ya mkoba kama mtu aliyebeba jiwe la moto, hawezi kulitupa, hawezi kulishika. Sikukasirikia wino. Nimejaribu kuikumbuka siku ile na siwezi. Nimekaa na macho yamefumba, nimelitafuta dawati, kifutio, sauti yako nyuma yangu. Hakuna. Nawakumbuka ng'ombe tu. Nilichokukasirikia ni kwamba miaka yote hiyo ulikuwa na mama yangu mzima ndani ya kichwa chako, anatembea, anaongea, nami nilikuwa chumba cha pili nikiwa na picha ya kitambulisho.

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie mpaka Desemba. Lakini kuna yaliyotokea hapa, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilifanya ulivyosema. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri. Nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Nilisoma daftari la mwenzenu bila kumwomba ruhusa. Nilikosa. Namwomba radhi." Kiongozi wa darasa akasimama akasema kwa sauti ya mkutano, "Mwalimu, tumekusamehe." Nikamwambia, "Asante, lakini si ninyi ninaowaomba." Akakaa. Yule msichana wa mbele, aliyesema lile neno, ndiye aliyelia.

Mapumziko yalipofika Sisimizi alibaki. Akaja mpaka mezani akaniuliza, "Mwalimu, kwani ni uongo?"

Mama Mdogo, nimesoma miaka miwili ya ualimu na hawakutufundisha jibu la hilo. Nikamwambia, "Sijui linaitwaje. Lakini uongo, hapana."

Akafikiri. Akasema, "Baba akijua atahuzunika."

Baba yake ni fundi bomba. Nilimwita, akaja siku tatu baadaye mchana, ametoka kazini, begi la spana begani, suruali imelowa mpaka magotini. Hakukuwa na kiti cha mtu mzima, akajibana kwenye dawati la darasa la nne, magoti yakafika kidevuni. Nilimweleza yote, hata kosa langu. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Kisha akasema, "Naomba nisome."

Nilimpa daftari. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia begi la spana kubwa kuliko yeye. Yule bwana alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, ukurasa baada ya ukurasa. Nilidhani atalia, nikajiandaa. Badala yake akakunja uso. Akatoa penseli nyuma ya sikio.

"Hapa kakosea," akasema.

Nikanyoosha mkono nilichukue daftari.

"Mama yake hakuwa anaanza na mashuka. Alikuwa anaanza na foronya. Anazigeuza ndani nje, anazikung'uta, kisha ndiyo mashuka." Akaandika pembeni, kwa herufi kubwa za fundi: FORONYA KWANZA. Akafunua ukurasa mwingine. "Na hapa asingesinzia kimya hivi. Alikuwa anakoroma."

"Hakoromi!" Sisimizi alisema kutoka mlangoni.

"Anakoroma kama pampu. Mimi ndiye nilikuwa nalala naye chumba kimoja."

"Baba, hakoromi!"

"Njoo hapa nikuoneshe alivyokuwa anafanya." Naye akafanya, Mama Mdogo, yule mtu mzima aliyebanwa kwenye dawati, akaegemeza kichwa akakoroma, akimaliza kwa filimbi ndogo puani. Yule mtoto alimtazama kwa mshangao, halafu uso wake ukafunguka. "Ile filimbi!" akasema. "Ile filimbi naikumbuka!" Wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka baba akafunika macho kwa mkono wenye penseli, na hapo ndipo nikatoka nje nikajifanya nahesabu madirisha.

Waliondoka saa kumi. Baba aliniomba daftari aondoke nalo. Alisema kuna mengi ya kurekebisha.

Likizo ikapita. Ijumaa iliyopita nilipata insha yake ya kwanza tangu Aprili. Nimemwomba ruhusa nikunakilie, akakubali, akasema, "Kwa bibi yako sawa." (Nisamehe.)

"Jumapili baba alinifundisha kufungua koki na kuifunga. Maji yaliruka yakatulowesha. Tulianika nguo zetu. Mama hakuwepo, alikuwa ametoka."

Nilikaa na sentensi ile ya mwisho mpaka kengele ya kipindi kingine ikalia. Sikulia. Nilihisi tu kama mtu aliyekuwa ameshika kamba muda mrefu, na upande wa pili umeiachia taratibu ili asianguke.

Barua ya droo nimeichana. Nadhani ulijua nitaichana.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la asubuhi. Sijui bado nitakavyokuwa nikifika. Huenda nitakuwa nimekasirika bado kidogo. Lakini nitakuja, nitakaa nawe kibarazani, na utaniambia habari zake, za kweli na zile usizo na hakika nazo.

Mpwa wako

—

7 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara elfu. Binti wa jirani anasafiri kesho kuja huko, nampa barua hii akupe mkononi. Najua Jumamosi si mbali, lakini nimengoja miaka mingi na sasa hata siku tano zimenishinda.

Kila nikikaa kwenye cherehani linanijia jingine, nasimama naliandika kwenye karatasi za vipimo vya watu. Nimeshona mkono mmoja wa shati mara mbili. Mengi nitakusimulia ukifika. Moja siwezi kulilaza hapa mpaka ufike.

Siku uliyozaliwa nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliingia wodini nimeshika ua sijui nimelichuma wapi. Mama yako alikuwa amechoka, jasho usoni, midomo imemkauka, na anacheka peke yake, kama mtu aliyewaibia matajiri. Akaniambia nikushike. Nikakataa. Nikamwambia, "Dada, nitamwangusha mwanao." Hakubishana nami. Alikuweka mikononi mwangu, akanikunja kiwiko, akanisogezea kichwa chako hapa ndani ya mkono.

"Hivyo," akasema. "Na usiseme mwanao. Ni wetu."

Kisha akapata usingizi, nami nikabaki nimesimama nawe pale, sithubutu kukaa, mpaka jua likahama dirisha.

Mama yako Mdogo